Askari Wachache wa Jangwani: Asili ya Vikosi Teule vya Vita na Yaliyotokana Navyo

 

Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, ilikuwa vita ya watu wengi mno. Majeshi yake yalihesabiwa kwa malaki. Kutoka nchi za Afrika ya Mashariki pia vijana wengi walikwenda: waliopigana Uhabeshi mwaka 1941, waliovuka bahari hata Madagaska mwaka 1942, na waliofika katika misitu ya Burma mwaka 1944. Lakini ndani ya vita hiyo ya umati walizuka askari wa namna nyingine. Hao walikwenda watano watano, au kumi kumi, mbali sana nyuma ya majeshi ya adui, wakafanya kazi yao usiku na kutoweka kabla ya alfajiri. Siku hizi karibu kila dola kubwa ina vikosi vya namna hiyo, na habari zao husimuliwa kama ngano. Leo twataka kueleza vilivyoanza, nani waliovianzisha, vilifanyaje kazi, na nani aliyelipa gharama yake. Tutachukua mfano mmoja tunaoujua vizuri, nao ni mfano wa jangwa la Libya.

JANGWA NA BARABARA MOJA

Jangwa la Libya laanzia karibu na mto Nili na kwenda magharibi mamia ya maili. Wasafiri huulinganisha ukubwa wake na Bara Hindi. Sehemu kubwa haina mto, wala mti, wala nyumba. Ziko chemchemi chache, na kuzizunguka mitende na vijiji. Baina ya chemchemi moja na nyingine ni mwendo wa siku nyingi, na katikati zimesimama safu za vilima vya mchanga vyenye urefu wa mamia ya futi.

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani. Waitalia walikuwa Libya na Waingereza walikuwa Misri, na kila upande ulijua ya kuwa mwenye kushika Misri ameshika Mfereji wa Suez. Majeshi yote mawili yalishikamana na pwani, kwa kuwa pwani ndiko kulikokuwa na barabara, bandari na maji. Kusini yalikuwako majangwa tu, na karibu kila afisa aliamini ya kuwa jangwa ni ukuta: hapana awezaye kupita.

Wahenga walisema, mdharau mwiba, mguu huota tende. Jeshi kubwa ni kama mtu mwenye nguvu. Lakini jeshi hilo lahitaji chakula, maji, petroli na risasi kila siku, na vyote huja nyuma yake kwa njia ndefu. Huko nyuma ndiko mahali laini pa kuchoma mwiba. Neno lililobaki lilikuwa hili: nani ajuaye kupita ukuta wa mchanga?

BWANA BAGNOLD NA ELIMU YA MCHANGA

Mtu huyo alikuwako, naye aliitwa Ralph Bagnold, afisa wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1896. Kabla ya vita, katika miaka ya 1920 na 1930, yeye na rafiki zake walitumia likizo zao na fedha zao wenyewe kusafiri jangwani kwa motokaa ndogo za Ford. Hawakutumwa na mtu. Walitaka kujua tu. Katika safari hizo walijifunza mambo matatu, na twataka kuyaeleza, maana kikosi chote kilisimama juu ya mambo hayo.

La kwanza ni njia. Dira ya sumaku haifai ndani ya motokaa, kwa sababu chuma cha motokaa huivuta sindano. Bagnold akaitengeneza dira ya jua. Ni sahani ya mviringo iliyopigwa alama za digrii, na katikati yake imesimama sindano nyembamba. Kivuli cha sindano huanguka juu ya sahani, na dereva hushika njia kwa kukiangalia kivuli, huku sahani ikigeuzwa kidogo kidogo kwa kadiri jua liendavyo. Usiku hupima nyota, kama manahodha wafanyavyo baharini, ili wajue mahali walipo hasa.

La pili ni maji. Katika joto kali maji ya rejeta huchemka, mvuke hutoka, na maji hupotea. Bagnold aliunganisha rejeta kwa mpira na kopo lililofungwa ubavuni mwa motokaa, lenye maji kiasi. Mvuke huingia katika kopo hilo na kuwa maji tena, na injini ikipoa maji hunyonywa yakarudi katika rejeta. Hivyo tone halipotei.

La tatu ni mchanga wenyewe. Gurudumu likizama, kulikanyagia moto ni kulizamisha zaidi. Wao walipunguza upepo wa tairi ili zitandae, wakachimba mbele ya magurudumu, wakaingiza mabamba marefu ya chuma na vipande vya turubai, na motokaa ikatoka. Tena wakajifunza kuutambua mchanga mgumu na mchanga laini kwa kuuangalia tu, kama mvuvi atambuavyo kina cha maji kwa rangi yake.

Mwaka 1939 Bagnold aliitwa tena jeshini, akapandishwa meli iende naye Afrika ya Mashariki. Katika bahari ya Mediterania meli yake iligongana na nyingine, ikalazimika kuingia Port Said. Bagnold akaenda Cairo kuwaamkia rafiki zake, na Jemadari Wavell, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Waingereza huko, aliposikia habari zake alimzuia asiende mbele. Basi kama si ajali ile, elimu yake ingalipita ikaenda zake.

Hata hivyo shauri lake halikupokewa mara moja. Maafisa wengine walilikataa. Italia ilipoingia vitani alilipeleka tena kwa Wavell mwenyewe, naye akampa muda wa majuma sita kuunda kikosi. Bagnold akawakusanya rafiki zake wa zamani wa safari. Akatafuta malori ya Chevrolet huko Misri. Akaomba askari wa kujitolea katika jeshi la New Zealand, kwa kuwa wengi wao walikuwa wakulima na wafugaji waliozoea motokaa na upweke. Kikosi kilianza Julai 1940, na Septemba kikafanya safari yake ya kwanza. Baadaye kiliitwa Kikosi cha Jangwani cha Safari za Mbali.

Kazi yake kubwa haikuwa kupiga. Ilikuwa kuona. Kwa miezi mingi ya mwaka 1942 watu wawili wawili walilala kifudifudi kando ya barabara ya kwenda Tripoli, mamia ya maili nyuma ya adui, kutwa nzima bila kuinua kichwa. Walihesabu kila lori, kila mzinga na kila kifaru kilichopita, usiku hesabu hiyo ikapelekwa Cairo kwa simu ya upepo. Hawakufyatua risasi hata moja, na habari zao zilimsaidia mkuu wa majeshi kuliko bunduki elfu.

Wala isisahauliwe sehemu ya Waafrika wenzetu. Upande wa kusini wa jangwa hilo iko nchi ya Chad, iliyokuwa chini ya Wafaransa. Gavana wake alikuwa Félix Éboué, mtu mweusi aliyezaliwa Guyana ya Wafaransa. Ufaransa iliposhindwa na Wajerumani mwaka 1940, Éboué alikataa kushindwa. Mwezi wa Agosti aliiweka Chad upande wa Jemadari de Gaulle. Kwa hiyo njia ikafunguka. Januari 1941 Kikosi cha Jangwani kilipiga ngome ya Murzuk pamoja na Wafaransa kutoka Chad, na tarehe 1 Machi 1941 Leclerc aliiteka Kufra, akiongoza askari ambao wengi wao walikuwa Waafrika.

MWENDO WA MOORE

Tarehe 31 Januari 1941, karibu na kilima cha Jebel Sherif upande wa kusini wa Kufra, kundi moja la Kikosi cha Jangwani lilishambuliwa na Waitalia wenye malori na eropleni. Malori kadhaa yaliungua. Kiongozi wa kundi alitekwa, na waliosalia wakarudi nyuma, wakidhani ya kuwa wenzao waliopotea wamekufa au wametekwa.

Lakini watu wanne walikuwa wamejificha katika majabali: Moore, Easton, Tighe na Winchester. Moore alikuwa na jeraha mguuni, Easton jeraha shingoni. Maji yao hayakufika galoni mbili, na chakula karibu hawakuwa nacho. Kaskazini palikuwa na Kufra, penye maji tele, na Waitalia. Wangaliweza kwenda kujisalimisha. Moore aliwashauri wenzake wafuate alama za magurudumu ya rafiki zao kuelekea kusini, na wakaenda.

Walitembea siku kumi, mwendo wa maili zaidi ya mia mbili. Mchana jua, usiku baridi kali. Tighe akachoka, wakamwachia sehemu yake ya maji, naye akajikokota nyuma yao. Walifika mahali penye kisima, na kisima kimezibwa na adui. Wafaransa waliopita njia hiyo ndio waliowaokota mmoja mmoja. Easton alikufa baada ya kuonekana, watatu wakaishi. Moore alikutwa mbele ya wote, peke yake, angali akitembea.

Twaisimulia habari hii kwa sababu yaonyesha asili ya vikosi hivi kuliko hesabu ya ndege zilizoteketezwa. Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa kupigiwa kelele katika uwanja wa gwaride. Lazima awe mtu ajiamuliaye mwenyewe penye shida, wakati hapana afisa wa kumwamuru.

LUTENI STIRLING NA MAGONGO YAKE

Sasa tufike kwa mtu wa pili, David Stirling, kijana wa Kiskoti mrefu sana, aliyekuwa luteni tu. Mwaka 1941 alijaribu kuruka kwa mwavuli kutoka katika ndege, mwavuli ukapasuka, akaumia mgongo, akalazwa hospitali. Akiwa kitandani alifikiri hivi. Jeshi lilikuwa likipeleka watu mia mbili kwa meli ili wapige mahali pamoja pa pwani. Wengi wao kazi yao ilikuwa kuwalinda wenzao, na adui aliwaona mapema. Je, watu haohao wakigawanywa wanne wanne au watano watano, hawawezi kuingia katika viwanja vingi vya ndege usiku mmoja?

Husimuliwa ya kuwa alikwenda makao makuu ya jeshi huko Cairo akitembea kwa magongo, akazuiwa mlangoni kwa kukosa cheti, akapenya kwa hila, akafika mbele ya jemadari. Lililo hakika ni kwamba shauri lake lilimpendeza Jemadari Auchinleck, na Julai 1941 akapewa ruhusa ya kukusanya watu wapatao 65. Kikosi kiliitwa sehemu ya “Brigedi Maalumu ya Anga”. Brigedi yenyewe haikuwako. Jina lilitungwa ili adui adhani kwamba Waingereza wana jeshi kubwa la miavuli. Kwa herufi za Kiingereza kikosi hicho chajulikana hata leo kwa jina la SAS.

Miongoni mwa wenzake alikuwako Jock Lewes, aliyebuni bomu dogo lenye uzito upatao ratili moja, lililopasua na kuwasha moto pamoja, ili mtu mmoja aweze kuchukua mengi mgongoni. Alikuwako pia Paddy Mayne wa Ireland, mchezaji mashuhuri wa mpira wa raga kabla ya vita.

Safari yao ya kwanza ilikuwa msiba. Usiku wa tarehe 16 Novemba 1941 waliruka kwa miavuli katikati ya dhoruba ya upepo na mchanga. Wakatawanyika, wengine wakaburutwa na miavuli yao juu ya mawe, mabomu yakalowa mvua. Katika watu zaidi ya hamsini walirudi 22 tu, wala haikuteketezwa ndege hata moja. Na waliorudi, nani aliyewarudisha? Ni malori ya Kikosi cha Jangwani, yaliyokuwa yakiwangojea mahali walipoagana.

Hapo Stirling akajifunza. Ikiwa malori yale yaweza kuwatoa, yaweza pia kuwapeleka. Akaacha miavuli. Mwezi uliofuata watu wa Mayne walipelekwa na Kikosi cha Jangwani hata karibu na kiwanja cha Tamet, wakaingia kwa miguu usiku, wakateketeza eropleni 24. Siku chache baadaye watu wachache wa luteni mwingine, Bill Fraser, waliteketeza 37 huko Agedabia. Lewes hakuishi kuona mwisho; aliuawa na ndege ya adui mwezi huohuo katika safari ya kurudi. Julai 1942 walikuja kwa njia mpya: motokaa 18 za jeep, kila moja ina bunduki za bombom, zikaingia kwa safu katika kiwanja cha Sidi Haneish chini ya mbalamwezi. Kwa jumla vikosi hivi viliteketeza ndege zaidi ya 200 jangwani.

GHARAMA NA WALIOILIPA

Mpaka hapa msikilizaji aweza kufurahi kama anayesikia hadithi ya Sungura na Fisi. Lakini vita si hadithi, na hapana budi tuseme habari yote.

Juni 1942 kundi dogo la askari hao, wengi wao Wafaransa, lilitua katika kisiwa cha Krete, likateketeza ndege karibu na mji wa Heraklion. Kesho yake Wajerumani waliwachukua watu 50 wa mji huo, wasiojua lolote, wakawapiga risasi. Oktoba 1942 Hitler alitoa amri ya siri kwamba askari wa vikosi vya namna hii wakikamatwa wauawe, hata wakiwa wamevaa sare, hata wakiinua mikono. Ilikuwa amri ya kuvunja sheria ya vita, na baada ya vita baadhi ya walioitekeleza walihukumiwa. Stirling alitekwa Tunisia Januari 1943, naye akabahatika kubaki kifungoni hata mwisho. Wengine hawakubahatika. Mwaka 1944 zaidi ya 30 waliuawa kwa pamoja katika msitu mmoja wa Ufaransa karibu na Poitiers.

Mwaka huohuo, katika milima ya Vosges, wanakijiji wa Moussey waliwaficha askari wa SAS na kuwalisha. Wajerumani wakawakusanya wanaume wa kijiji hicho, wakawauliza askari wako wapi. Hawakusema. Walichukuliwa kwenda katika makambi ya mateso, na zaidi ya mia hawakurudi. Askari anayekuja usiku huondoka usiku. Mwenye shamba hubaki asubuhi kujibu maswali. Tukihesabu ushujaa wa vikosi hivi, tuwahesabu na watu wa Moussey.

YALIYOBAKI BAADA YA VITA

Vita ilipokwisha mwaka 1945, Kikosi cha Jangwani na SAS vyote vilivunjwa. Wakubwa wengi wa jeshi hawakuvipenda: walisema vyachukua watu bora na havifuati taratibu. Lakini SAS ilifufuliwa mwaka 1947, na tangu mwaka 1950 ikaundwa tena kwa ajili ya vita vya misituni huko Malaya. New Zealand ikaunda yake mwaka 1955, na Australia mwaka 1957. Afisa wa Marekani, Charles Beckwith, alikaa na Waingereza hao mwaka 1962, akaona kazi yao, na mwaka 1977 akaanzisha kikosi cha Delta.

Waisraeli nao walifuata mfano huo. Watu wa Uganda wanakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, askari wao waliposhuka katika kiwanja cha Entebbe kuwaokoa abiria walioshikwa mateka. Zaidi ya mia waliokolewa. Lakini mateka watatu walikufa katika mapigano, mama mzee aliyekuwa hospitali Kampala aliuawa baadaye, na askari wengi wa Uganda walipoteza maisha yao. Tena katika kurudi ndege zilitia petroli Nairobi, na kwa sababu hiyo Wakenya waliokuwa wakikaa Uganda waliuawa. Ni habari ileile ya Krete kwa sura nyingine.

Na liko jambo zito zaidi. Kikosi kinachofanya kazi kwa siri, mbali na macho ya watu, chaweza kujiona kiko juu ya sheria. Novemba 2020 jaji mmoja wa Australia alitoa taarifa ya uchunguzi wa miaka minne, yenye kuonyesha ushahidi wa kuaminika kwamba askari wa vikosi teule vya nchi yake waliwaua kinyume cha sheria watu 39 huko Afghanistan, wakiwamo wafungwa na wakulima. Ni vema kukumbuka ya kuwa nchi yenyewe ndiyo iliyojichunguza na kusema hadharani.

Waanzilishi wenyewe je? Stirling alikwenda kukaa Rhodesia, na mwaka 1949 akaanzisha Chama cha Capricorn, kilichotafuta wafuasi hata Kenya na Tanganyika, kikitaka watu wa rangi zote wajenge nchi pamoja. Lakini chama hicho kilitaka kura zipimwe kwa elimu na mali, wengine wawe na kura nyingi kuliko wenzao. Waafrika wengi wakakikataa, na haki ilikuwa upande wao. Ujasiri wa usiku mmoja na hekima ya kutawala watu ni vitu viwili mbalimbali. Bagnold alirudia mchanga wake. Mwaka 1941, vita ikiendelea, kilitoka kitabu chake juu ya namna upepo uchukuavyo mchanga, na wataalamu wa Marekani waliochunguza sayari ya Mars walikitumia; vilima fulani vya mchanga huko vyaitwa kwa jina lake. Wote wawili walikufa mwaka 1990.

Basi, wasikilizaji, twaona mambo mawili. La kwanza, vikosi hivi havikuzaliwa katika silaha mpya. Vilizaliwa katika elimu ya mtu mmoja aliyependa kujua jangwa wakati wengine walipolidharau, na katika kijana aliyekubali kushindwa mara ya kwanza akabadili shauri lake. Ninyi wanafunzi mliyashike hayo. La pili, nguvu ndogo iliyofichika ni kama kisu kikali: hukata vizuri, lakini lazima mkono unaokishika uonekane, na uwe na wa kuuliza umekata nini. Taifa linaloacha kuuliza laweza kusifu ushujaa usiku, na asubuhi likakuta damu ya mkulima asiye na hatia.

Hapa ndipo mwisho wa mazungumzo yetu. Kwa herini.